Jina moja katika simu 62

Mzee, mkuu wa kampuni, aliponipigia hakuulizia watoto wala kazi, kama ilivyo desturi yake. Alisema tu, "Binti yangu, njoo ofisini leo hii. Yule kijana ametuibia."

Nilimkuta na mama mhasibu, meza imejaa karatasi. Bili ya mwezi ya AWS, wingu wanakoweka mfumo wao wote (yaani kompyuta za Amazon zinazokodishwa kupitia intaneti), ilikuwa imepanda zaidi ya mara kumi. Mama mhasibu haachi shilingi ipite bila kuiuliza ilikotoka. Alikuwa amefungua kumbukumbu za matukio, akachapisha kurasa nane, na kila palipotajwa aliyewasha mashine akapapaka wino wa njano. Jina lilikuwa moja, ukurasa baada ya ukurasa: la fundi programu aliyeacha kazi miezi minne kabla na kuhamia Jinja.

"Mfumo wenyewe umemtaja," Mzee akasema. "Unataka ushahidi gani tena?" Dereva alikuwa amekwisha kuambiwa awashe gari, waende polisi kuandikisha taarifa.

Nikamwomba siku mbili. Naandika yaliyotokea ndani ya siku hizo, na wiki zilizofuata, kwa idhini yao na bila kutaja jina la kampuni, kwa sababu nimeona ofisi nyingi zenye tatizo hili hili: kila kitu kinaitwa "akaunti", na hakuna anayeuliza ni akaunti ya nini.

Kampuni na programu yake

Ni wakala wa forodha na msafirishaji. Ofisi kuu iko Kampala, makarani wako Malaba na Busia, malori hupanda kutoka bandari ya Mombasa na mengine huendelea hadi Kigali au Juba. Lugha ya kazi ni Kiswahili, maana ndiyo lugha ya barabara ile. Dereva Mkenya, utingo Mganda na karani wa Malaba ambaye nyumbani huongea Kiteso, wote hukutana hapo.

Zamani hati ya kupokea mzigo, ile yenye mhuri wa mteja, ilirudi Kampala na lori. Ikichelewa lori, ankara nayo inachelewa. Kijana huyo aliwatengenezea programu ya simu: dereva anashusha mzigo, anapiga picha hati, picha inapanda hadi stoo ya mafaili kwenye wingu, na Kampala wanaiona papo hapo. Simu zilizowekewa programu hiyo zilikuwa 62. Ilikuwa kazi nzuri, nalisema wazi, na iliiokoa kampuni pesa nyingi.

Alipoondoka, walifanya yote waliyoyajua. Laptopu ilirudishwa, kadi ya mlangoni ikachukuliwa, barua pepe ya kazini ikafungwa, na nywila yake ya kuingilia AWS ikafutwa. Kwa macho ya mtu yeyote, mlango ulikuwa umefungwa.

Mstari mmoja wa kumbukumbu

Mstari wa kwanza wenye wino wa njano ulisema 23:12, na mama mhasibu alikuwa ameandika pembeni "saa tano usiku". Mzee alikumbuka kwamba saa tano usiku ule kijana alionekana yuko mtandaoni kwenye WhatsApp, na hilo likawa jiwe jingine juu ya tuhuma. Lakini CloudTrail, huduma ya AWS inayotunza kumbukumbu hizi, huandika kwa UTC, saa za kimataifa, na Uganda iko saa tatu mbele. Tukio lilikuwa la saa nane na dakika 12 usiku. Jiwe hilo likaanguka, ingawa halikutosha kumwondolea lawama.

Muhimu zaidi ni kile kilichofanyika dakika ile. Programu huingia AWS kwa ufunguo, yaani mfuatano wa siri wa herufi. Kabla ya kuwasha mashine yoyote, mwenye ufunguo aliita amri iitwayo GetCallerIdentity. Amri hiyo haihitaji ruhusa yoyote, na kazi yake ni kujibu swali moja: mimi ni nani? Programu halali nazo huiita, kwa hiyo si ushahidi kamili. Hata hivyo nilimuuliza Mzee: mtu aliyejitengenezea ufunguo mwenyewe, akautumia miaka mitatu, atauliza ni wa nani? Anayeuliza hivyo ni mtu aliyeuokota.

Baada ya hapo ndipo zikaja amri za kuwasha mashine kubwa za kukokotoa, katika maeneo ya AWS, yaani vituo vyake vya kompyuta sehemu mbalimbali za dunia, ambayo kampuni haijawahi kuyagusa. Mfumo wao wote uko Ireland. Mashine za aina ile, zikiwashwa nyingi kwa pupa usiku, kwa kawaida huchimba sarafu za kidijitali kwa gharama ya mwenye akaunti. Hapa kuna jambo la kujua: orodha ya matukio ya CloudTrail hukuonyesha eneo moja tu kwa wakati. Aliyeangalia Ireland peke yake angeona ukimya. Mama mhasibu alifuata bili, akabadilisha eneo moja baada ya jingine hadi akayapata, na namsifu kwa hilo.

Kisha nikawaonyesha neno ambalo wino wa njano haukuligusa. Kila mstari wa CloudTrail husema pia aina ya utambulisho uliotenda. Ukisema "Root", ni utambulisho wa mzizi, ule uliofungua akaunti yenyewe na unaoweza kila kitu. Ukisema "AssumedRole", ni jukumu, yaani ruhusa za kazi fulani, lililovaliwa kwa muda. Wetu ulisema "IAMUser", yaani mtumiaji wa kudumu aliyeandikishwa ndani ya akaunti, na pembeni yake namba ya ufunguo inayoanza na AKIA. Herufi hizo nne ndizo zilizotufungulia kisa. Ufunguo wa AKIA ni wa kudumu. Muda wake hauishi mpaka mtu auzime. Ule wa muda huanza na ASIA, na hufa wenyewe baada ya saa chache.

Kwa hiyo kufuta nywila hakukufunga kitu. Nywila ni ya mtu anayeingia kwa kivinjari, ufunguo ni wa programu inayoingia kimyakimya, na vyote viwili vilikuwa vimetundikwa kwenye jina moja.

Jina, ufunguo na ruhusa

Nilieleza mambo haya kwa Mzee kwa mfano wa kitambulisho cha taifa. NIN, namba ya kitambulisho aliyopewa na NIRA, mamlaka ya vitambulisho ya Uganda, ina herufi na tarakimu 14, nayo inasema yeye ni nani. Haimfungulii geti la yadi. Mlinzi wa geti ana orodha yake ya wanaoruhusiwa, na ufunguo wa kufuli ni kitu cha tatu kabisa. Mtu akiokota ufunguo wa yadi ulioandikwa jina la Mzee, akaingia usiku, hatujapata ushahidi kwamba Mzee aliingia. Tumejua tu kwamba ufunguo wenye jina lake ulitumika.

Akanyamaza. Kisha akauliza swali lililostahili: "Sasa ufunguo huo ulikuwa wapi?"

Nikachukua faili la kuweka programu ile ya madereva, faili ambalo walikuwa wanarushiana kwenye kundi la WhatsApp kila dereva mpya alipoajiriwa. Faili la aina hiyo, APK, ni furushi tu, hufunguliwa kama faili lolote lililobanwa. Nikalifungua mbele yao, nikatafuta herufi nne: AKIA. Haikuchukua dakika mbili. Ufunguo ulikuwa pale, herufi zake 20 wazi kabisa, na chini yake siri yake ya herufi 40.

Nilimpigia kijana simu usiku huo. Sauti yake ilitetemeka alipojua ni kitu gani. "Dada, mimi nilirudisha kila kitu. Laptopu, kadi, hata laini ya simu ya kazini." Nilipomtajia ufunguo, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema aliuweka wakati wa majaribio, akiwa na nia ya kuubadilisha baada ya wiki moja. Programu ikapendwa, malori yakaongezeka, wiki ile haikufika. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyeujenga mfumo, mtumiaji wake alikuwa na ruhusa zote. Alifanya kosa la ufundi, alilikiri, na hakukuwa na mtu wa kumkagua. Lakini kosa hilo si wizi.

Kilichomsafisha machoni pa Mzee kilitoka kwenye kumbukumbu zile zile zilizomtia hatiani. Programu yake, kila ilipofunguliwa, iliuliza orodha ya stoo za mafaili, na amri hiyo CloudTrail huiandika bila kuombwa. Nikazichambua za siku moja ya kawaida. Jina la kijana lilikuwa limetenda ndani ya saa moja kupitia mitandao ya simu ya Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini.

"Mtu mmoja hawezi," mama mhasibu akasema.

Hawezi. Jina lile halikuwa mtu tena. Lilikuwa madereva 62, utingo wao waliokopeshwa simu, programu yenyewe, na yeyote aliyewahi kulipata faili lile popote lilipofika.

Usiku wa kuuzima

Ningeweza kuuzima ufunguo dakika ile nilipouona. Lakini programu ya madereva ilikuwa inapumua kwa ufunguo huo huo, na jioni ile kulikuwa na malori yanayoshusha mizigo Juba. Hapa ndipo kuchanganya utambulisho wa mtu na wa mashine kunapouma. Huwezi kumfungia mwizi bila kuwafungia wafanyakazi wako.

Nilishauri tuuzime hata hivyo, na bado naamini ilikuwa sawa. Tuliwatumia madereva ujumbe wa sauti kwa Kiswahili: kuanzia usiku huu hadi mtakapoambiwa, picha za hati zitumwe kwa karani wa zamu kwa WhatsApp. Kisha tukauzima. Hatukuufuta, kwa sababu ufunguo uliozimwa unaweza kuwashwa tena iwapo kuna jambo limesahaulika, na uliofutwa haurudi. Juu yake tukamwekea yule mtumiaji kizuizi kinachokataa kila amri, maana aliyeushika ufunguo wa kudumu anaweza kuwa ameshajitolea vibali vya muda ambavyo haviangamii kwa kuzima ufunguo peke yake. Tukazima mashine zote za usiku, eneo kwa eneo. Tukakuta pia mtumiaji mmoja mpya, jina la kubuni lisilojulikana na mtu, aliyeandikishwa usiku ule ule. Huyo tukamwondoa.

Utambulisho wa mzizi nao ulitusumbua. Ulikuwa umefunguliwa kwa barua pepe ya kazini ya kijana, ile ile waliyoifunga alipoondoka. Ingekuja shida ya kuhitaji mzizi, ujumbe wa kubadilisha nywila ungeenda kwenye sanduku lisilokuwepo. Ilibidi sanduku lifufuliwe kwanza ndipo tuhamishe anwani.

Tusichoweza kukijua

Mzee aliuliza kama mwizi alisoma hati. Ndani ya stoo ile mlikuwa na nakala za leseni za madereva, pasipoti zao, na nyaraka za wateja. Jibu lilikuwa gumu. CloudTrail kwa kawaida huandika amri za usimamizi: nani amewasha mashine, nani ameandikisha mtumiaji. Kusomwa kwa faili mojamoja hakuandikwi mpaka mwenye akaunti awashe kipengele hicho na kukilipia. Hakikuwa kimewashwa. Na orodha ya matukio isiyolipiwa hurudi nyuma siku 90 tu, wakati kijana alikuwa ameondoka miezi minne.

Ufunguo uliweza kusoma kila kitu. Kwa hiyo tulihesabu kwamba kila kitu kimesomwa. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu atoe ripoti mara moja anapoamini zimefikiwa na asiyeruhusiwa, na Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iko chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Mzee alisita, kama ambavyo mfanyabiashara yeyote angesita. Nikamkumbusha yaliyoikuta Uber. Mwaka 2016 wavamizi waliingia kwenye hifadhi ya msimbo ya wahandisi wake, wakakuta humo funguo za AWS, na wakachukua taarifa za watu milioni 57, zikiwemo namba za leseni za madereva wapatao 600,000 nchini Marekani. Kampuni iliificha habari hiyo hadi Novemba 2017, na kuficha kukaigharimu zaidi ya kuvamiwa.

Siku ya pili barua ya ripoti hiyo ilipelekwa. Gari lililokuwa liende polisi kumshitaki kijana ndilo lililoipeleka.

Karatasi ukutani

Kabla ya kugusa ufundi wowote, tulibandika karatasi kubwa ukutani na kuandika kila kinachoingia kwenye wingu lao. Safu ya kwanza haikuwa jina, ilikuwa swali: huyu ni mtu, kifaa, au programu? Mchana mzima ulikwisha hapo, na makarani wa Malaba walikuwa kwenye simu wakijibu.

Karani mmoja alisema jambo ambalo sikulisahau. Wote watatu wa Malaba walikuwa wakitumia akaunti moja iitwayo "malaba", kwa zamu. Lakini nilipomuuliza kama anaweza kumpa mwenzake nywila yake ya ASYCUDA, mfumo wa forodha wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, alishituka: "Haiwezekani kabisa! Tamko likiwa na kosa, jina ni langu." Alilijua somo lote. Hakuna aliyemwambia kwamba hata huku jina ni lake.

Wafanyakazi tuliwaunganisha na akaunti zao za barua pepe ya kazini, pamoja na uthibitisho wa hatua mbili. Mtu akiondoka, akaunti moja inafungwa na milango yote ya wingu inafungwa nayo. Mkaguzi wa nje alipewa utambulisho wa mgeni, wa kusoma tu, wenye tarehe ya kuisha. Haya yalikwenda haraka.

Madereva ndio waliotuchukua wiki. Dereva si mfanyakazi wa ofisini. Wengine ni wa mkataba wa safari moja, wana laini mbili au tatu, simu hubadilika. Tuliamua kila dereva aandikishwe kwa namba yake ya kazi na PIN anayopewa na anayepanga safari, na simu yake iandikishwe peke yake kama kifaa. Simu ya Android inaweza kutengeneza ufunguo ndani yake yenyewe na kuuhifadhi mahali usipotolewa, hata na programu iliyouomba. Simu ikipotea Eldoret, tunafuta simu ile tu. Dereva anabaki.

Programu mpya haina ufunguo wowote wa AWS. Dereva akitaka kutuma picha, simu inaomba kibali kwa mfumo wa Kampala. Mfumo unaangalia: dereva huyu, simu hii, safari hii. Ukiridhika unampa anwani ya kupakia picha moja, inayokufa baada ya dakika 15. Akiiokota mtu mwingine, ataweza kuweka picha moja ya hati ya lori moja kwa dakika hizo, basi.

Mfumo wenyewe wa Kampala haukupewa jina la mtu wala ufunguo wa kudumu. Ulipewa jukumu, ambalo nililinganisha na koti la kazi: mashine inalivaa, AWS inalibadilishia vibali vya muda yenyewe, na hakuna binadamu anayeviona. Watu husikia hivyo wakadhani jukumu ni kinga. Si kinga likiwa pana. Mwaka 2019 Capital One ya Marekani ilipoteza taarifa za watu takriban milioni 106 wa Marekani na Kanada baada ya mvamizi kuipitia seva iliyosanidiwa vibaya na kuvaa jukumu lake, na jukumu hilo liliweza kusoma stoo ambazo seva ile haikuwa na haja nazo. La kwetu linaweza kuandika katika stoo moja. Kusoma ni jukumu jingine, la mfumo wa ankara.

Mzizi umefungiwa kwenye sefu ya Mzee: nywila kwenye bahasha, pamoja na kifaa cha uthibitisho. Bahasha ikifunguliwa, mama mhasibu huandika daftarini nani, lini na kwa nini.

Na kijana? Mzee alimpigia mbele yetu, akaomba radhi kwa maneno machache na kumwomba aje wiki moja kumkabidhi fundi mpya yale aliyoyajua. Alikuja kutoka Jinja na basi la asubuhi. Aliyeutumia ufunguo usiku ule hatukumjua mpaka leo.

Karatasi bado iko ukutani, na mstari mmoja una wino mwekundu. Ni mashine ya kuskani ya ofisi ya Busia, ya zamani, ambayo programu yake haijui kitu kingine isipokuwa ufunguo wa kudumu. Tuliuacha ufunguo huo uwepo, lakini una jina lake wenyewe, "skana-busia". Unaweza kuweka mafaili katika folda moja tu, na kwa intaneti ya ofisi ile tu. Mwenye kuujibia ni karani mkuu wa Busia, na hubadilishwa kila baada ya siku 90. Zamu ijayo ya kuubadilisha ameiandika kwenye kalenda iliyo juu ya skana.